Kutoka kamera ya harusi hadi filamu yako mwenyewe

SWALI: Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na sendofu. Nimeandika mswada wa filamu ndefu, kurasa 112, ila sijapata wa kuugharamia. Niache harusi nijitose kwenye filamu? Au nimeshachelewa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Harusi usiziache, dada, ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kuchelewa nako kusikutie hofu. Judy Kibinge wa Kenya alitokea kwenye matangazo ya biashara, na filamu yake ndefu ya kwanza ilitoka 2002. Baadaye akaanzisha Docubox, mfuko unaosaidia filamu za hali halisi Afrika Mashariki.

Kinachokukwamisha ni hizo kurasa 112. Ukurasa mmoja uliopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu. Timu ndogo hupiga kurasa nne au tano kwa siku. Maana yake unamwomba mtu alipie chakula, usafiri na posho kwa zaidi ya siku 20, naye hajaona hata onyesho moja uliloongoza. Andika filamu fupi: kurasa nane hadi kumi, waigizaji watatu, maeneo mawili yaliyo jirani. Siku tatu zinatosha. Usinyofoe kipande cha ile ndefu, kwani hakitakuwa na mwanzo wala mwisho wake.

Sauti ndiyo huwaangusha wengi waliotoka kwenye harusi, kwa kuwa wamezoea kuifunika kwa muziki. Mazungumzo hayafunikiki. Weka mtu wa sauti asiye na kazi nyingine. Maiki ikae juu ya anayesema, kama nusu mita, nje kidogo tu ya fremu. Zimeni friji na feni. Kabla ya kuhama eneo, nyamazeni wote mrekodi sekunde 60 za ukimya wa mahali hapo. Mkizikosa za kutandika chini ya mazungumzo, kila ulipokata kwenye uhariri patasikika. Kamera iwe fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo ukitumia 1/60 baadhi ya taa zitapepesa kwenye picha.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombe mapema. Waigizaji wote wasaini mikataba kabla ya siku ya kwanza, hata akiwa shangazi yako. Wimbo wa watu usiuguse bila ruhusa ya maandishi. Televisheni itadai karatasi hiyo, na kuubadilisha wakati filamu imeshahaririwa ni gharama. Atakayeutaka mswada wako mrefu mpe haki za kuutengenezea filamu kwa muda uliotajwa, tuseme miezi 12, zikurudie asipoifanya filamu.

YouTube isubiri. Baadhi ya matamasha ya filamu hukataa filamu iliyokwisha kuwekwa mtandaoni. Tuma kiungo chenye nenosiri, pamoja na manukuu ya Kiingereza yaliyopitiwa na anayekijua, ukianzia ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu hapo Zanzibar. Unapoomba fedha za ile ndefu, kiungo hicho kitangulie, kurasa 112 zifuate.