Farasi kambini Roosevelt Lake, Arizona: maji, tope, kamba na mchanga

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Mnakwenda Roosevelt Lake na farasi wawili mwezi wa pili, mlale huko siku tatu: je, watakunywa maji ya ziwa, usiku wafungwe wapi, na mbebe majani kiasi gani. Nitajibu yote, na nitaongeza moja ambalo hukuuliza, yaani mchanga, kwa sababu linaumiza farasi wiki nzima baada ya watu kurudi nyumbani na hakuna anayelihusisha na safari.

Panga safari kana kwamba ziwa halipo. Hilo ni bwawa lililozuiwa jangwani: ukuta wa Theodore Roosevelt ulikamilika mwaka 1911, ukaongezwa kimo mwaka 1996, na maji yanayotoka Salt River na Tonto Creek yanawekwa akiba kwa ajili ya mashamba na miji ya bonde la Phoenix. Kina kinapanda na kushuka kufuatana na mvua na matumizi ya watu wanaoishi chini ya mto. Pale ambapo mwaka mmoja farasi anafika majini kwa kukanyaga changarawe, mwaka mwingine unakuta uwanja wa tope lililokauka juu tu. Kwa hiyo ziwa unaliona, lakini maji ya farasi wako ni yale uliyoyabeba au yanayotoka bombani.

Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anakunywa lita 25 hadi 40 kwa siku. Ukimpanda saa tatu au nne kwenye vilima vile, hesabu 50. Farasi wawili kwa siku tatu ni lita 300, na hiyo ni mizigo ya kilo 300. Tangi likae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukiliweka nyuma kabisa, trela litaanza kuyumba ukishika mwendo barabarani. Kambi ya wenye farasi upande huo inaitwa Frazier, iko ndani ya Tonto National Forest. Kabla ya kuondoka piga simu ofisi ya msitu ya Tonto Basin uulize mambo manne: bomba linatoa maji, mazizi yako wazi, moto unaruhusiwa, na kama wanataka majani yaliyothibitishwa hayana mbegu za magugu. Bomba hufungwa kwa matengenezo, na tangazo la mtandaoni halifuati kila mara hali ya siku hiyo. Hata ukiambiwa maji yapo, usiende na chini ya lita 150.

Kuna tatizo la pili la maji ambalo linawakuta hata waliobeba ya kutosha. Farasi anakataa maji yenye harufu asiyoijua, na mwezi wa pili usiku wa jangwani unaweza kushuka karibu na nyuzi sifuri, ndoo inakuwa baridi, naye anaonja na kuondoka. Anaendelea kula majani makavu bila kunywa, chakula kinakauka utumboni na kuziba. Anza siku tatu kabla ya safari: tia kikombe cha juisi ya tofaa kwenye ndoo ya lita 20 nyumbani, azoee ladha hiyo, kisha fanya vivyo hivyo kambini. Jioni loweka kilo moja ya vidonge vya lusani (majani makavu yaliyoshindiliwa) kwenye lita tatu za maji ya uvuguvugu kwa nusu saa umpe uji huo. Hapo umemnywesha lita tatu bila ugomvi. Chumvi gramu 30 kwa siku, na 60 siku ya kazi, ichanganye kwenye uji huohuo. Usiitie kwenye ndoo yake pekee ya maji, maana akiichukia atakosa yote.

Sasa ziwa lenyewe. Ndiyo, wanaweza kunywa, kwa masharti. Angalia rangi kwanza. Utando wa kijani au buluu unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika ni bakteria wenye sumu ya ini na ya mishipa ya fahamu. Upepo huwasukuma na kuwarundika kwenye vihori vilivyotulia, kwa hiyo upande mmoja wa ziwa unaweza kuwa safi na mwingine ukaua. Mwezi wa pili ni nadra kuwakuta, lakini kuanzia mwisho wa majira ya kuchipua ni jambo la kawaida kwenye mabwawa ya nchi za joto. Ukiona samaki waliokufa ukingoni, geuka. Tembea wewe mwenyewe mbele ya farasi hadi majini. Kisigino chako kikizama, yeye mwenye kilo 500 juu ya kwato nne ndogo atazama hadi tumboni, hasa kwenye midomo ya Tonto Creek na Salt River ambako matope ya mto yamelala. Akizama usimvute kwa kichwa, shingo wala mkia. Mtulize, toa tandiko, ita waokoaji. Tope linanyonya, na kinacholegeza ule mshiko ni maji au hewa iliyopenyezwa pembeni ya miguu. Nguvu za gari zitamvunja.

Angalia pia nyuzi za wavuvi na ndoano. Ukingo unaofikika kirahisi ndio huohuo wanaokaa wavuvi, na uzi wa nailoni haukatiki wala hauonekani ukijizungusha kwenye kifundo. Na kama mna mpango wa kuingia nao majini, hili lishikeni sana: fungueni ile kamba inayotoka kifuani hadi kichwani ya kumzuia asinyanyue kichwa. Farasi anaogelea pua ikiwa juu. Ukimfunga kichwa chini, atazama kwenye maji yanayomfikia kifuani.

Kumfunga usiku. Miti ya pale ni mesquite na palo verde, mifupi, matawi yanaanzia kiunoni, na sehemu nyingi ni marufuku kufunga mnyama kwenye mti. Ndiyo maana ile kamba ya juu inayofungwa kati ya miti miwili, inayofaa sana kwenye misitu ya misonobari, hapa mara nyingi haina pa kushika. Ukipata nguzo imara mbili, vuta kamba ya milimita 12 isiyonyumbuka, mita 2.2 kutoka ardhini, ikazwe hadi ukiivuta kwa mkono isishuke zaidi ya shubiri. Kila farasi awe na kiungo kinachozunguka ili kamba yake isijisokote, na ncha yake ifike ardhini pale pua inapofika, si zaidi. Watu huongeza urefu kwa huruma ili farasi alale vizuri. Urefu huohuo ndio unaopitisha mguu wa mbele juu ya kamba saa nane za usiku. Kati ya farasi na farasi mita tatu na nusu.

Kama mazizi ya kambi yapo, yatumie, lakini pitisha mkono kwenye kila bomba la uzio na kila lango kutafuta waya na kucha za chuma. Usitumie chombo cha maji cha pamoja. Ugonjwa wa majipu ya koo na mafua ya farasi huachwa kwenye mbao na ndoo na mgeni wa jana. Ndoo zenu, sifongo zenu.

Kwenye trela: mfunge tu likiwa limeunganishwa na gari na magurudumu yamewekewa kabari. Farasi akirudi nyuma kwa hofu anaburuta trela tupu, kisha anamkimbia adui aliyefungwa naye. Funga usawa wa jicho, kamba sentimita 60, fundo la kufunguka kwa kuvuta ncha moja, na kisu kining'inie mahali ambapo mtu yeyote atakiona gizani.

Uzio wa umeme ndio unaodanganya wengi huku. Kipande hiki kisome taratibu. Umeme wa uzio unampiga farasi kwa sababu unapita mwilini mwake, unaingia ardhini na kurudi kwenye mashine kupitia nondo ya ethi, yaani ile chuma iliyochomekwa ardhini. Mchanga mkavu wa jangwani haupitishi umeme vizuri. Mashine inalia tik-tik, taa inawaka, kipimo kwenye waya kinaonyesha volti nzuri, lakini farasi akigusa hahisi kitu, na baada ya kugundua hilo hauheshimu tena uzio. Dawa ziko mbili. Ya kwanza, chomeka nondo ya urefu wa mita moja mahali penye udongo wenye unyevu, umwagie lita kumi za maji jioni na usiku kabla ya kulala. Ya pili, ambayo naipendekeza, tumia mikanda miwili: wa juu, mita 1.2, uunge kwenye tundu la umeme. Wa chini, sentimita 70, uunge kwenye tundu la ethi. Farasi akisukuma anagusa yote miwili na mzunguko unakamilika bila ardhi. Mkanda mweupe wa milimita 40 anauona usiku. Uzi mwembamba hauoni. Wafundishwe nyumbani wiki mbili kabla. Kambini penye boti, jenereta na mbwa wa watu si mahali pa kumfundisha mnyama mpaka mpya.

Majani: asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 10 kwa farasi kwa siku. Wawili kwa siku tatu ni kilo 60. Beba 80, kwa sababu baridi inawafanya wale zaidi na upepo wa alasiri unapeperusha mengine. Yawe yaleyale wanayokula nyumbani. Kubadilisha majani na maji na mazingira kwa siku moja ni kujitafutia msokoto wa tumbo.

Na hapa ndipo mchanga unapoingia. Farasi akilishwa ardhini anafagia vijani vya mwisho kwa midomo, na kila tonge linakwenda na mchanga. Hautoki wote. Unatulia chini ya utumbo mpana, unakwaruza ukuta wake, anaanza kuharisha au kukosa hamu, kisha maumivu. Weka majani kwenye beseni pana juu ya zulia la mpira la mita 1.2 kwa 1.8, na ufagie zulia kabla ya kila mlo. Wavu wa majani nao sawa, ila ukiwa mtupu usining'inie chini ya kifua, kwato itaingia. Usimwache bila majani kabisa, kwani mwenye njaa ndiye anayelamba ardhi. Kupima ni rahisi: chukua mapira sita ya kinyesi ambayo hayajagusa ardhi, yatie kwenye glovu ndefu ya plastiki pamoja na lita moja ya maji, yavuruge, ning'iniza glovu dakika kumi na tano. Mchanga utashuka kwenye vidole. Ukijaa kiasi cha kijiko au zaidi, ongea na daktari wa mifugo kuhusu maganda ya isabgol, yale yanayouzwa kwenye maduka ya Wahindi; hutolewa kwa siku kadhaa mfululizo. Pima tena siku ya tano baada ya kurudi.

Miiba: cholla (dungusi la jangwani lenye miiba mikali) ikimshika mguuni, usiiguse kwa mkono. Ingiza chanuo la meno mapana kati ya kipande na ngozi, rusha mbali, kisha ng'oa iliyobaki kwa plaizi mmoja mmoja. Nyoka wa njuga huanza kutoka siku zikipata joto, na farasi huumwa puani kwa sababu anainama kunusa. Farasi hawezi kupumua kwa mdomo. Pua ikivimba anakosa hewa. Beba vipande viwili vya mpira laini wa bomba, sentimita 15 kila kimoja, kingo zimelainishwa, na plasta ya kuvishikiza ndani ya matundu ya pua kabla uvimbe haujafunga. Usichane, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize na daktari aitwe.

Nyuki nao. Wa Arizona tangu mwaka 1993 wamechanganyika na damu ya nyuki wetu wa Afrika, waliopelekwa Brazil mwaka 1956 na kusambaa kaskazini, kwa hiyo ukali wao Mtanzania anaufahamu. Jangwani wanatafuta maji, na siku yenye jua wataikuta ndoo ya farasi na bomba linalovuja. Alfajiri, kabla hawajaanza kuruka, weka sahani yenye kitambaa kilicholowa mita 40 kutoka kambini, na ifunike ndoo mchana. Wakishazoea sahani hawahami.

Kuhusu hali ya hewa: mvua za monsuni huhesabiwa 15 Juni hadi 30 Septemba, lakini msidhani mwezi wa pili uko salama. Dhoruba za majira ya baridi ndizo zinazofurisha Tonto Creek, na milima ya jirani iliungua vibaya kwa moto wa Woodbury mwaka 2019 na Bush mwaka 2020, na mlima ulioungua hauzuii maji yasishuke kwa kasi. Korongo kavu, laga kama wanavyosema kaskazini mwa Kenya, si mahali pa kufunga mnyama hata kama ndiko penye kivuli.

Kila asubuhi kabla ya kutandika pima: mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, joto 37.2 hadi 38.3. Bonyeza ufizi, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Weka sikio ubavuni pande zote mbili. Tumbo lazima lingurume. Tumbo kimya, ndoo imejaa na kinyesi kidogo kikavu: siku hiyo hapandwi, na simu ya daktari inapigwa saa hiyohiyo, maana kutoka pale hadi hospitali ya farasi ni mwendo mrefu wa milimani ukiwa na trela.

Kinyesi ni kama kilo 20 kwa kila farasi kwa siku. Beba magunia, msikimwage ndani ya mita 60 kutoka majini, na mashimo waliyochimba kwa kwato yafukieni. Ndoo na kamba zilizogusa ziwa zikauke kabisa kabla hamjaenda ziwa lingine. Kome wa quagga, kome wageni wanaovamia maziwa, waligunduliwa Lake Mead mwaka 2007, na vibuu vyao husafiri kwenye maji ya chini ya ndoo bila kuonekana kwa macho.