Kusoma picha za PNG zenye uwazi katika MATLAB: kwa nini jani linazungukwa na weusi

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba faili lako la PNG likifunguliwa katika programu ya kawaida ya picha linaonyesha jani lililokatwa vizuri bila mandharinyuma, lakini ukilisoma katika MATLAB kwa amri ya imread jani lile lile linatokea limezungukwa na weusi, na wastani wa rangi unaoupata ni mdogo kuliko unavyotarajia. Umeuliza uwazi umepotelea wapi. Haujapotea, hukuuomba.

Amri ya imread inaweza kutoa matokeo matatu, na idadi unayoiomba hubadilisha kile unachopewa. Ukiomba la kwanza peke yake, yaani A = imread('jani.png'), MATLAB huichanganya picha na rangi ya mandharinyuma kabla ya kukukabidhi. Ikiwa faili lenyewe limebeba rangi hiyo, ndiyo inayotumika. Ikiwa halikuibeba, picha ya rangi kamili huwekwa juu ya [0 0 0], ambayo ni nyeusi. Ukiyaomba yote matatu, uchanganyaji huo haufanyiki:

[A, ramani, alfa] = imread('jani.png');

Hapo A itakuwa na tabaka tatu za rangi, na alfa itakuwa tabaka moja lenye urefu na upana ule ule, ambamo 0 ni uwazi kamili na 255 ni pikseli isiyopitisha chochote, au 65535 iwapo faili ni la biti 16. Ramani hubaki tupu isipokuwa picha iwe imehifadhiwa kwa jedwali la rangi, na katika hali hiyo utaigeuza kwanza kwa ind2rgb(A, ramani). Faili lisilo na uwazi hurudisha alfa tupu, kwa hiyo msimbo unaopitia mafaili mengi ni lazima ulizingatie hilo:

u = ones(size(A,1), size(A,2));
if ~isempty(alfa), u = im2double(alfa); end

Hapa u ni alfa iliyogeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 1, ambapo 1 ni pikseli isiyopitisha chochote.

Usishangae iwapo imshow(A) itakuonyesha sasa rangi ambazo hukuwahi kuziona, pengine hata meza ambayo jani lilipigiwa picha. Katika PNG rangi huhifadhiwa bila kuzidishwa kwa alfa, na pikseli yenye alfa 0 inaweza kubeba rangi yoyote iliyoachwa na programu iliyokata picha. Ili kuiona picha kama ilivyokusudiwa, andika h = imshow(A); kisha set(h, 'AlphaData', u).

Kuonyesha ni sehemu nyepesi. Mimi hushughulika na picha za majani ya muhogo, ambako kinachotakiwa ni kiasi cha kijani na kiasi cha manjano, na katika vipimo ndipo uwazi huleta madhara yasiyoonekana kwa macho. Chukua jani linalojaza nusu ya picha, lenye wastani wa kijani wa 120: ukikokotoa mean juu ya picha iliyowekwa kwenye weusi utapata 60, na namba hiyo itategemea jinsi picha ilivyopunguzwa kingo kuliko inavyotegemea afya ya mmea. Ukigawa kila tabaka kwa jumla ya tabaka tatu ili kupata uwiano wa rangi, pikseli nyeusi zitakupa 0/0, ambayo katika namba za desimali ni NaN (yaani "si namba"), na NaN moja inatosha kuuharibu wastani wote. Jambo hili la mwisho naliona kuwa afadhali, kwa sababu angalau linajitangaza. Ile 60 huingia kwenye jedwali kimya kimya.

Wengi hujaribu kujinusuru kwa kuondoa pikseli zote nyeusi baada ya kusoma. Siwashauri. Doa jeusi la ugonjwa nalo litaondolewa, na pikseli za ukingoni zitabaki: yenye kijani 180 na alfa 128 ikichanganywa na weusi huwa takriban 90, si nyeusi na wala si rangi ya jani. Kwa rangi, mimi hutumia pikseli zisizopitisha chochote tu, yaani zenye u sawa na 1, kwa kuwa zile za ukingoni mara nyingi zimechanganyika na mandharinyuma ya awali tangu kwenye kamera:

G = im2double(A(:,:,2));
wastani = mean(G(u == 1));

Kwa eneo la jani, kinyume chake, huzijumlisha zote kwa sum(u(:)), maana nusu pikseli ni nusu pikseli kweli.

Ukitaka kuweka jani juu ya mandharinyuma yako mwenyewe, kanuni ni u .* F + (1 - u) .* B, ambapo F ni picha ya jani na B ni mandharinyuma, lakini geuza kila kitu kuwa double (namba za desimali) kwanza. Ukizidisha uint8 (namba kamili za 0 hadi 255) kwa uint8, kila jibu linalozidi 255 hukatwa hapo hapo na picha hujaa weupe. Kabla ya toleo la R2016b utahitaji pia repmat, inayorudia tabaka, ili alfa ilingane na tabaka tatu. Kupunguza ukubwa nako kuna mtego: zidisha A kwa u, tumia imresize kwa zote mbili, kisha gawa tena palipo na u kubwa kuliko sifuri, la sivyo rangi zilizofichwa zitavuja ukingoni. Kuhifadhi ni kwa imwrite(A, 'jipya.png', 'Alpha', u), wala si kwa JPEG, ambayo haina mahali pa kuweka alfa.

Octave, programu huria inayofanana na MATLAB, nayo hurudisha matokeo matatu kwa mpangilio huo huo. Ikiwa baada ya haya alfa yako bado ni tupu, endesha imfinfo('jani.png') uniandikie sehemu za ColorType na Transparency zinasemaje, zikionyesha 'none' kwenye uwazi, tatizo liko kwenye programu iliyolihifadhi faili, na itabidi jani likatwe upya kutoka kwenye picha ya awali.