Je, serikali inaweza kumwadhibu wakili kwa sababu ya wateja wake?

SWALI: Maître, mwaka 2025 Rais Trump alitoa amri dhidi ya kampuni za mawakili zilizowahi kuwatetea wapinzani wake. Lakini si serikali inachagua yenyewe itafanya kazi na nani? Majaji walimzuia kwa msingi gani? Na kwetu Kongo je? – Mwanafunzi wa sheria, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Kuchagua ni ruksa, mdogo wangu. Serikali ikimchoka wakili wake, imwache itafute mwingine. Amri zile hazikuishia hapo. Ile ya 6 Machi 2025 juu ya Perkins Coie inataja waziwazi kazi waliyomfanyia Hillary Clinton mwaka 2016, kisha inaagiza wasimamishiwe vibali vya kuona siri za serikali, wabanwe kuingia majengo yake, na kila mwenye tenda ya serikali aseme kama ana shughuli nao.

Hilo la mwisho ndilo kisu. Uwe na mteja anayeiuzia serikali simenti, aambiwe atangaze wakili wake ni nani. Hangojei kufukuzwa. Kesho asubuhi yuko mlangoni, anaomba mafaili yake kwa adabu zote, na kabine yako ya uwakili imekufa bila mtu kuifunga.

Jaji Beryl Howell aliibatilisha amri hiyo tarehe 2 Mei 2025. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao yanakataza serikali kumlipizia mtu kisasi kwa maoni yake, na kumsemea mteja kumo humo. Ya Tano yanadai usikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Jenner & Block, WilmerHale na Susman Godfrey nazo zilishinda, serikali ikakata rufaa. Paul Weiss haikushtaki: iliahidi kazi za bure za dola milioni 40, amri ikafutwa. Kwa hiyo juu yake hakuna hukumu ya wewe kusoma.

Kwetu, anza na ibara ya 19 ya Katiba ya 2006: mtetezi unayemchagua mwenyewe. Ibara ya 61 inaziweka haki za utetezi kati ya zile zisizoguswa hata chini ya hali ya kuzingirwa (état de siège, yaani utawala wa dharura wa kijeshi), ile wenzetu wa Goma waliyoishi nayo tangu 2021. Wakili akikosa, anahukumiwa na baraza la mawakili wenzake, kwa sheria ya 28 Septemba 1979, si na gavana. Ila angalia: chaguo la ibara ya 19 limeandikwa kwa kesi za jinai. Yule muuza simenti, mwenye mkataba wa biashara tu, atakusumbua hapo.