KwaZulu-Natal: viti 37 havikutosha

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: Bunge la jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, lililochaguliwa Mei 29, 2024.

Chama cha MK (uMkhonto weSizwe) cha Jacob Zuma ndicho kilichoongoza. Mbona serikali ya huko inaongozwa na chama kingine, IFP?

Kuongoza ni jambo moja, kupita nusu ni jingine. Viti ni 80, kwa hiyo anayetaka kutawala peke yake sharti afikishe 41. MK ilipata 37, IFP 15, ANC 14, DA 11, EFF 2 na NFP 1. Shika kalamu: IFP, ANC na DA wakiungana ni 40. MK na EFF, 39. Kimebaki kiti kimoja cha NFP, na hicho ndicho kilichoamua. Juni 14, Thami Ntuli wa IFP alichaguliwa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, kwa kura 41, mgombea wa MK akaambulia 39. Kura ilikuwa ya siri, lakini matokeo yalitoka vilevile kama yalivyohesabiwa vidoleni. Kwa maoni yangu, mbunge yule mmoja wa NFP ana nguvu kuliko wengi kati ya wale 37. Akinuna tu, serikali nzima haipati usingizi.

ANC kilikuwa na viti vingapi kabla ya hapo?

44, mwaka 2019. Kimepoteza 30, na aliyekiliza ni rais wake wa zamani, Zuma, mwenyeji wa Nkandla, humo humo KwaZulu-Natal. MK ilitangazwa Desemba 2023. Hata miezi sita ilikuwa haijatimia.

Mbunge wa Durban katika bunge hilo ni nani?

Hayupo. Neno letu "jimbo" linatuponza hapa: kwa Mtanzania ni eneo la mbunge mmoja, lakini KwaZulu-Natal yote ni jimbo moja. Mpiga kura huchagua chama (au, tangu 2024, mgombea binafsi), na kila chama huwa kimeshawasilisha orodha ya majina. Mbunge wa chama akifariki au kujiuzulu, nafasi inajazwa kutoka orodha ile ile, bila uchaguzi mdogo. Akihama chama, kiti kinabaki kwa chama.

Kila jimbo lina wabunge 80?

La. Katiba inaruhusu kuanzia 30 hadi 80. Northern Cape, kubwa kwa ardhi lakini yenye watu wachache, ina 30.

Vikao hufanyika Durban?

Hapana, Pietermaritzburg.