Linda chenga zako: kung'arisha maganda ya risasi kwa mashine kavu

Wadogo zangu mnaoanza kujaza risasi upya huku Marekani, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, mnaniuliza sana ninunue mashine gani ya kuyang'arishia, na karibu hakuna anayeuliza habari za chenga. Mashine yoyote itatikisika. Kazi yenyewe inafanywa na chenga zilizomo ndani yake, za magunzi ya mahindi au za maganda ya jozi, na hizo ndizo wageni huziua mapema.

Chenga ni tambara. Masizi yakitoka kwenye shaba hayapotei, yanahamia humo. Ila tambara unalifua, chenga hazifuliki. Mimi nilijaribu. Niliosha magunzi ndoo nzima nikayaanika kwenye turubai nyuma ya nyumba, jua la Texas likiwaka kweli kweli. Yalikunywa maji, yakavimba, na siku ya tatu yalikuwa yananuka kama busaa. Niliyatupa yote. Tangu hapo najua kwamba chenga hazisafishwi, zinakingwa zisichafuke.

Anzeni na maganda ya risasi yenyewe. Yakiokotwa chini kwenye uwanja wa shabaha yana udongo na mchanga. Yaosheni kwenye ndoo kwa maji ya moto na tone la sabuni ya vyombo, suuzeni, kisha yaacheni yakauke hadi ndani. Ganda likibaki na unyevu, chenga hugandamana humo kama ukoko wa ugali. Pitisheni sumaku kutoa yale ya chuma. Na chungulieni ndani: ganda la milimita 9 hupenda kujificha ndani ya la .40 (kipimo cha inchi), na la .40 ndani ya la .45. Yakiingia mashineni hivyo, yanatoka yamekabana na hakuna lililosafika.

Viwashio, vile vikombe vidogo kwenye kitako cha ganda vinavyowasha baruti, vikishalipuka mimi siving'oi kabla ya kung'arisha. Wapo wanaoving'oa kwanza ili kile kishimo vinamokaa nacho kisafishwe, lakini hapo masizi yake yote yanaingia kwenye chenga, na chenga nazo zinaziba tundu la kupitishia moto. Kuzichokoa moja moja kwa sindano ni adhabu.

Kinga kubwa kuliko zote haina gharama. Vile vitambaa vyembamba vya kulainisha nguo, vinavyotiwa kwenye mashine ya kukaushia, vikishatumika msivitupe. Kateni kimoja vipande vitatu au vinne, tupieni humo pamoja na maganda. Vinanasa vumbi na masizi, vinatoka vyeusi, unavitupa, kesho unaweka vingine. Msipokuwa navyo, karatasi nene ya kufutia jikoni inasaidia.

Dawa ya kung'arisha iwe kidogo, kifuniko kimoja cha chupa. Itieni mashine ikiwa inatembea na chenga peke yake, ngojeni dakika 15, ndipo muweke maganda. Mimi mara ya kwanza nilimimina juu ya maganda, nikapata mabonge yaliyojikaza ndani kama udongo wa kichuguu. Na dawa isiwe na amonia hata chembe. Shaba ya maganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30, na amonia huipasua ikiwa na mkazo ndani yake. Waingereza walikutana na jambo hilo India karne ya 19: maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, kumbe ni amonia ya mkojo wa farasi. Wataalamu walilieleza vizuri mwaka 1921.

Sasa vumbi. Lugha yetu inaita "risasi" kitu kinachopigwa na inaita "risasi" madini yenyewe, basi kumbukeni hivyo kila mnapofungua mfuniko. Viwashio vingi vina kemikali ya risasi, na vumbi la chenga chafu linabeba sumu hiyo. Mimi kwa ujinga wangu nilichekecha mara ya kwanza, kutenga maganda na chenga, kwa chekecheke ya unga, jikoni. Mama watoto hakunipigia kelele. Aliichukua, akaitia kwenye pipa la taka, akaniambia, "Ya kwako utanunua, na jikoni kwangu usirudi nayo." Alikuwa na haki yote, hasa kwa kuwa sumu hiyo huwadhuru watoto wadogo zaidi. Chekecheni nje, kwa barakoa na glavu, watoto wakiwa mbali. Mashine itembee imefunikwa. Kijiko kimoja cha tapentaini ya kupunguzia rangi hutuliza vumbi, ila acheni chenga zikauke kwanza mbali na moto. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Chenga za kutupa mtazijua kwa saa. Kazi iliyokuwa ikiisha kwa saa mbili ikianza kudai nne, na vitambaa vinatoka vyeusi kila mara, basi zimekwisha. Msizimwage bustanini wala kwenye mboji. Fungeni kwenye mfuko, mpeleke kwenye kituo cha wilaya kinachopokea taka hatari za majumbani.

Mimi nina ndoo mbili zenye vifuniko. Ya kwanza ni ya jozi, ngumu na zinakwangua, hiyo inabeba uchafu wa mwanzo. Ya pili ni ya magunzi, haiguswi na ganda ambalo halijapita kwenye ya kwanza, na magunzi yake bado yana rangi ya mahindi.