Afande ni wa nani? Niliyojifunza kwenye kaunta ya polisi

Ivi polisi ni wetu sisi wananchi au ni wa serikali? Hapa Dodoma hili swali huibuka kijiweni kila msafara ukipita, si unajua tena makao makuu ya nchi, mnasimamishwa barabarani bodaboda imezimwa, jua la saa saba linawaka, abiria anamlaumu dereva utafikiri yeye ndo kamwita kiongozi. Siku hiyo askari wapo kila kona. Mi jibu nilikuwa nadhani ninalo, ila nimelielewa vizuri baada ya kuvunjiwa kibanda.

Nina kibanda Nkuhungu, nauza kava na chaja, natengeneza simu. Asubuhi moja nafika kufuli limekatwa, simu za wateja hamna hata moja. Nikakimbia kituoni, afande wa kaunta mama mmoja mpole wala hakunifokea, akanisikiliza mpaka mwisho akasema sawa kijana, nenda tutakupigia. Nikashukuru nikaondoka zangu. Wiki nzima kimya. Narudi nakuta zamu nyingine, naulizwa RB namba ngapi, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi, nikabaki natumbua macho. Kumbe siku zote hizo mi nilijua nimeripoti, kumbe nilipiga stori tu! Nikaandikishwa upya, alafu nikaambiwa gari halina mafuta, na jioni yake gari lilelile nikalikuta njia panda limepaki linasubiri msafara. Aisee roho iliniuma.

Jirani yangu mmoja mzee mstaafu, kavaa hizo gwanda miaka mingi, nilipomlalamikia akacheka. Akaniambia mwanangu, askari anatumwa na aliye juu yake, wewe humtumi, ila aliye juu anasoma kitabu. Ukiwa kwenye kitabu wewe ni kazi, usipokuwemo wewe ni kelele.

Na ukifikiria ni kweli, maana hili jeshi lilianzishwa na Waingereza tarehe 25 Agosti 1919, makao yake Lushoto, 1930 ndo yakahamia Dar. Mwingereza hakuleta askari ili babu yangu Mgogo asiibiwe ng'ombe, alitaka kodi ilipwe na watu watulie. Kwao London polisi walioanzishwa 1829 walitembea na rungu, huku makoloni akaleta mtindo wa Ireland, bunduki na kambi. Tukapata uhuru, tukaandika Usalama wa Raia, ila jina bado ni Jeshi. Na usidhani wenzetu wamelimaliza hili. Marekani 2005, kwenye kesi iliyotoka mji wa Castle Rock, Mahakama ya Juu kabisa ya kwao ilisema mama aliyekuwa na amri ya mahakama dhidi ya mumewe hana haki ya kikatiba ya kuwadai polisi kwamba hawakuitekeleza, na mabinti zake watatu walishauawa na baba yao.

Kwahiyo ushauri wangu, acha kusubiri wakupende. Ukifika kaunta usitoke bila namba ya RB, iandike kwenye simu na kwenye karatasi, na jina la mpelelezi aliyepewa jalada lako uliulize. Umepigwa au umepata ajali, omba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kabla hujaenda hospitali kama hali inaruhusu, wengi wamerudishwa wakaifuate wakiwa wanavuja damu (kama hali ni mbaya mgonjwa awahi, ndugu mwingine afuate fomu). Maelezo usisaini hujasoma au hujasomewa. Ukiona mambo yamelala kwa mpelelezi usigombane naye, panda kwa mkuu wa kituo, alafu mkuu wa polisi wa wilaya, kwa adabu na namba yako mkononi. Ile habari ya "naijua serikali, utanitambua" iache nyumbani, nimeona watu wanaingia na kesi ya kuibiwa kuku wanatoka na kesi yao wenyewe.

Dhamana nayo ni bure, imebandikwa mpaka ukutani. Mwezi uliopita mpwa wangu wa bodaboda alikamatwa kwa kugombana na mwenzake, nikaenda na kitambulisho changu na barua ya serikali ya mtaa. Nikaambiwa subiri, nikasubiri, kisha ikaletwa ile lugha ya "sasa tunafanyaje mzee". Nikasema afande, kosa ni dogo, sheria inasema asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24 apewe dhamana, mdhamini ndo mimi, barua hii hapa, naomba uniandikie. Sikupandisha sauti hata kidogo. Akaniangalia weeee, akauliza we ni mwanasheria? Nikamwambia hapana, nauza kava za simu Nkuhungu.

Dogo alitoka saa kumi. Afande naye kesho yake akaja kibandani kuweka protekta, elfu tatu, na alilipa.