Makundi manne ya damu, chungu kimoja

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: ule mpango wa kula kwa kufuata kundi la damu, ambao orodha zake zinazunguka kwenye simu, ufuatwe au uachwe? Mpango huo ulianzishwa Marekani na Peter D'Adamo, aliyeutangaza mwaka 1996. Kwa kifupi, unamtaka mwenye kundi O ale nyama kwa wingi na aache ngano, mahindi, maharage na maziwa. Wa A aache nyama. Wa B anywe maziwa lakini asiguse kuku wala karanga. Wa AB achanganye vya A na vya B. Tumechagua barua nne.

Mimi ni O, mume wangu ni AB, watoto wetu wawili mmoja ni A na mwingine B. Nikifuata orodha itabidi niinjike sufuria nne kila jioni, na mimi mwenyewe nimekatazwa ugali na maharage. Nifanyeje? — Mama wa wawili, Morogoro

Dada yetu, injika sufuria moja. Nyumba yenu wala si ya ajabu: mama akiwa O na baba AB, kwa kawaida watoto huwa A au B, na hakuna hata mmoja anayechukua kundi la mzazi wake. Mpango unaomtenga mtoto na chungu cha mama yake ulitakiwa uje na ushahidi mzito, na ushahidi huo haupo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliupima kwa watu 1,455 na kutoa matokeo mwaka 2014. Waliokula kwa namna iliyopangiwa kundi A, yaani mboga, matunda na nafaka kwa wingi, walikuwa na vipimo bora vya kiuno, shinikizo la damu na mafuta ya damu. Lakini hali ilikuwa hiyohiyo, awe A, awe O. Chakula ndicho kilichofanya kazi, herufi haikuongeza kitu. Kwa hiyo jirani anayekwambia amepungua anaweza kuwa anasema kweli: ameacha soda, maandazi na chipsi.

Pakua hivi: nusu ya sahani mboga, robo ugali au wali, robo maharage, samaki, yai au nyama, na tunda pembeni. Unga wa dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu sembe imekobolewa na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi imeondoka na pumba. Kwa watu wanne pika vikombe vinne vya maharage yaliyoiva na mafungu makubwa mawili ya mchicha. Uoshe mchicha kabla ya kuukata, maana ukikatwa kwanza vitamini zinaondoka na maji. Mafuta vijiko vitatu vya chakula yanatosha sufuria nzima. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi, ambavyo wengi husahau kuvihesabu.

Nimesoma kwamba maharage yana lektini inayogandisha damu, hasa ya watu wa O. Nimeacha kuyala tangu mwaka jana. Ni kweli? — Kijana, Njombe

Kaka, hapa pana ukweli nusu, na nusu hiyo tutaieleza kwa kirefu, kwa sababu inahusu jiko la kila siku. Lektini, ambayo ni aina ya protini, ipo. Maharage mekundu mabichi yanayo kwa wingi, na kwenye chupa ya maabara hufanya chembe nyekundu za damu zishikane. Ila lektini ya maharage mekundu haichagui: hushika chembe za O, za A, za B na za AB. Na jambo kubwa zaidi, moto unaiharibu. Maharage yaliyochemshwa sawasawa hayana cha kukutisha.

Chukua nusu kilo ya maharage makavu, chagua mawe na yaliyotobolewa na wadudu, uyaloweke kwenye maji lita mbili usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza mara mbili, tia maji mapya yanayozidi maharage kwa vidole vitatu. Washa moto mkali. Yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu nusu saa kamili bila kupunguza moto. Dakika kumi za nyuzi 100 zinatosha kuiua lektini, lakini huko Njombe mko juu sana na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, ndiyo maana tunasisitiza nusu saa, na ndiyo maana maharage ya kwenu huchukua muda mrefu kuiva. Baada ya hapo punguza moto, funika, uache saa moja na zaidi. Bonyeza punje moja kati ya kidole gumba na cha shahada: ikisagika yote bila kiini kigumu, yameiva.

Makosa yanatokea kwenye moto hafifu. Mkaa ukiisha sufuria ikiwa ya uvuguvugu tu, maharage yanaweza kulainika nje huku lektini ikiwa hai, na joto la chini ya nyuzi 80 linaweza hata kuizidisha makali. Wanaotumia jiko la kikapu, lile la kuhifadhi joto, wachemshe nusu saa kwenye moto kwanza ndipo waingize sufuria kikapuni. Ukila yasiyoiva utajua mapema: ndani ya saa moja hadi tatu unatapika sana, kisha unaharisha. Hilo humpata yeyote, hata mwenye AB.

Nyanya na ndimu vitiwe maharage yakishalainika, kwa sababu ukali wake hukaza ganda. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu aachane nayo. Maharage yaliyokaa ghalani miaka miwili mitatu yanaweza yasilainike kabisa hata upike siku nzima. Basi kosa si lako.

Kwa kuwa umekaa mwaka bila kuyala, anza na robo kikombe kwa siku, uongeze taratibu baada ya wiki. Gesi ya mwanzoni hupungua tumbo likizoea.

Mimi ni A. Nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa miezi kumi. Sasa nachoka nikipanda ngazi, ulimi unawaka na vidole vya miguu vinakufa ganzi. Ni sumu zinatoka? — Msomaji wa kike, Mombasa

Hapana dada, si sumu zinazotoka, na tafadhali usingoje ziishe. Dalili hizo zikija pamoja zinafanana na upungufu wa vitamini B12, na huenda madini ya chuma nayo yamepungua. Nenda hospitali wiki hii, ueleze wazi ulivyoacha vyakula hivyo, uombe upimwe wingi wa damu na B12. Ganzi ikiachwa muda mrefu, mishipa ya fahamu inaweza isirudi ilivyokuwa.

B12 ya uhakika hutoka kwenye vyakula vya wanyama, au vidonge na sindano kwa maelekezo ya daktari. Ukikubali kurudisha, si lazima nyama. Mayai mawili, kikombe cha maziwa lala, na gramu 50 za dagaa wakavu zinabadilisha sahani yako. Dagaa wakatwe vichwa, waroweshwe kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, waoshwe mara tatu hadi mchanga uishe chini ya bakuli, wakamuliwe, ndipo wakaangwe na kitunguu. Wakiwa na mchanga mtoto hawali tena, na kosa linakuwa la dagaa.

Ukibaki kwenye mboga kwa hiari yako, kamulia ndimu kwenye mchicha au kunde ukishaepua, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Chai isinywewe na chakula, subiri saa moja. Wengi tunaifuatisha chai na chakula papo hapo, na chuma kingi cha mboga kinapotelea hapo.

Nina kisukari na kundi langu ni O. Nimeacha chapati na soda, nakula nyama choma kila siku, na sukari imeshuka. Naweza kuacha dawa? — Mzee, Kigoma

Shikamoo mzee wetu. Usiache dawa. Sukari imeshuka kwa sababu ya chapati na soda ulizoziacha, na hapo umefanya vizuri sana. Peleka vipimo vyako kliniki: kama dozi ni ya kupunguzwa, daktari atapunguza yeye, kwani sukari kushuka mno nako ni hatari.

Nyama choma ya kila siku ndiyo tunayoikataa. Nyama nyekundu isizidi nusu kilo ya iliyopikwa kwa wiki nzima, na mafuta yanayoning'inia yakatwe kabla ya kuchoma. Mwenye kisukari anatakiwa pia kupimwa figo, na figo zikiwa dhaifu nyama nyingi huzielemea. Kwa Kigoma mna migebuka na dagaa: chemsha au banika, siku nne kwa wiki, na siku nyingine maharage kama tulivyomweleza kijana wa Njombe.

Kundi la damu lina kazi, ila si jikoni. Kazi yake ni pale mtu anapoongezwa damu, na pale mama mjamzito mwenye Rh hasi (ile alama ya kutoa inayoandikwa kando ya herufi ya kundi) anapobeba mimba ya mtoto mwenye Rh chanya (alama ya kujumlisha). Mama huyo huhitaji sindano maalumu karibu na wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Anayejua kundi lake aliandikishe kwenye kadi ya kliniki.